Daftari la Hesabu na Kifo cha Bidhaa

Mwaka 1985 Andrew Grove, rais wa kampuni ya Intel, alimuuliza mwenyekiti wake Gordon Moore swali ambalo hadi leo hufundishwa katika vyuo vya biashara: kama bodi ingewafukuza wao wawili na kuleta mkuu mpya, mgeni huyo angefanya nini? Moore alijibu kwamba angeitoa Intel katika biashara ya chipu za kumbukumbu. Hiyo ndiyo biashara iliyoizaa kampuni mwaka 1968, na wakati huo Wajapani walikuwa wanaifanya kwa bei ambayo Wamarekani hawakuiweza. Grove alikisimulia kisa hiki katika kitabu alichokitoa mwaka 1996, na wengi wamekisoma kama hadithi ya ujasiri wa uongozi. Lakini Robert Burgelman wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeichunguza Intel kwa miaka mingi, aligundua jambo zito zaidi. Viwandani kulikuwa na kanuni ya kawaida kabisa ya kihasibu: kila kaki ya silikoni ipewe bidhaa itakayoleta faida kubwa zaidi kwa kaki hiyo. Vichakataji vilikuwa na faida kuliko kumbukumbu, kwa hiyo mwezi baada ya mwezi wapangaji wa uzalishaji walivipa vichakataji nafasi. Wakubwa walipoketi kujadiliana, sehemu kubwa ya viwanda ilikuwa imekwisha kuhama. Walichotangaza wao kilikuwa msiba uliokwisha kutokea.

Naanza na Intel kwa sababu kisa hiki kinavunja dhana iliyozoeleka, kwamba bidhaa ya teknolojia huondolewa sokoni kwa kuwa imezeeka. Bidhaa hufa pale daftari la hesabu la kampuni linaposema ife, na daftari husema hivyo kulingana na kile kilichoandikwa ndani yake. Kisichoandikwa hakina uzito, hata kama ni mzigo mkubwa kwa mtu mwingine. Kutoka hapo hoja yangu ni moja: uamuzi wa kuwapa wakandarasi wa nje kazi ya kutengeneza na uamuzi wa kuachana na bidhaa, ambayo wachambuzi huyajadili kama mambo mawili tofauti, ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza hupunguza yaliyomo katika daftari, na hivyo kumrahisishia njia wa pili.

Tazama kwanza kampuni iliyomiliki kila kitu. Kodak ilikuwa na mji mzima wa viwanda huko Rochester, katika jimbo la New York, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliajiri watu zaidi ya 60,000 katika eneo hilo peke yake. Mhandisi wake Steven Sasson alikuwa ameunda kamera ya kidijitali tangu mwaka 1975. Hata hivyo filamu ya Kodachrome, iliyoingia sokoni mwaka 1935, iliendelea kutengenezwa hadi Juni 2009, wakati mauzo yake hayakufika hata asilimia moja ya filamu zote za kampuni. Maabara ya mwisho iliyojua kuisafisha, katika mji mdogo wa Parsons huko Kansas, iliacha kazi hiyo mwishoni mwa 2010. Mtu anaweza kusema huu ulikuwa uzembe, na kweli Kodak iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Januari 2012. Lakini uzito wenyewe ulitoka wapi? Ulitoka katika mitambo, majengo, mafundi na mafao ya wastaafu, vyote vikiwa katika mizania ya Kodak. Kufunga kulikuwa na gharama, na gharama hiyo ilionekana.

Sasa tazama upande wa pili. Apple iliuza kiwanda chake cha Fountain, Colorado, mwaka 1996. Baada ya Tim Cook kuajiriwa mwaka 1998 kusimamia uzalishaji, kampuni iliharakisha kukabidhi utengenezaji kwa wakandarasi wa Asia, na mwaka 2004 ilifunga kazi ya mwisho ya kuunganisha kompyuta huko Elk Grove, California. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, iliiondoa sokoni iPod mini iliyokuwa ikinunuliwa kuliko iPod zote, ikaweka nano mahali pake. Kampuni yenye mitambo yake iliyofungwa sakafuni kwa ajili ya bidhaa hiyo ingesita, walau kwa muda. Apple haikuwa na cha kusitia.

HP ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2010 iliinunua kampuni ya Palm kwa dola bilioni 1.2 ili ipate mfumo endeshi wa webOS, na tarehe 1 Julai 2011 ikaanza kuuza kishikwambi cha TouchPad, kilichounganishwa na mkandarasi Inventec wa Taiwani. Tarehe 18 Agosti, siku 48 baadaye, mkuu wake Léo Apotheker alitangaza kwamba HP inaachana nacho. Bei, iliyokuwa imekwisha kushuka kutoka dola 499 hadi 399, ikaanguka hadi 99, na wanunuzi wakakigombania hadi kampuni ikaagiza shehena moja zaidi ya kifaa ilichokwisha kukizika. Apotheker aliondolewa mwezi uliofuata. Ni kweli HP iliandika hasara kubwa, lakini hasara hiyo iliandikwa mara moja, ikapita. Waliounganisha vifaa hivyo hawakuwa wafanyakazi wa HP, na wabunifu wa programu waliokuwa wameuamini mfumo ule hawakuwa na fungu lolote katika mahesabu hayo.

Pingamizi la kwanza ni la haki: kampuni haiwezi kubeba kila ilichowahi kutengeneza. Mhandisi anayetibu programu ya zamani hatengenezi mpya, na kama Intel ingeng'ang'ania kumbukumbu, huenda isingefika mwisho wa miaka ya 1980. Nalikubali hilo bila shida. Siitetei Kodachrome iishi milele. Ninachohoji ni madai kwamba uamuzi huu ni wa kiufundi tu na hivyo hauna wa kujadiliana naye. Windows XP ndiyo ushahidi. Mfumo huo ulitoka mwaka 2001, na Microsoft ikaacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. Umma uliambiwa umepitwa na wakati. Mwezi huo huo serikali ya Uingereza ilikubali kulipa takriban pauni milioni 5.5 ili ofisi zake, zikiwemo hospitali, zipate viraka vya usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Basi viraka vilikuwepo, na mafundi wa kuvitengeneza walikuwepo. Kilichokwisha ni huduma ya bure kwa asiye na uwezo wa kujadili mkataba. Mei 2017, shambulio la kimtandao la WannaCry lilipoenea duniani, Microsoft ilitoa kiraka cha XP kwa kila mtu ndani ya siku moja hivi. Wengi wa walioambukizwa, ni haki kusema, walikuwa na Windows 7. Hata hivyo kiraka kile kinathibitisha kwamba mlango uliosemwa umefungwa ulikuwa na ufunguo muda wote.

Pingamizi la pili lina nguvu kuliko la kwanza. Kukodi utengenezaji nje kumeshusha bei, na simu janja inayouzwa Kariakoo au Luthuli kwa bei ya mshahara wa wiki chache isingekuwepo bila viwanda vya Shenzhen. Hili pia ni kweli, na kwa watu wa Afrika Mashariki si jambo dogo. Lakini bei ya chini ni sehemu tu ya hesabu. WhatsApp ilipoacha kuhudumia simu za Nokia za Symbian mwaka 2017 na za mfululizo wa S40 mwishoni mwa 2018, vyuma vya simu hizo havikuwa vimekufa. Kilichokufa ni faida ya kuzihudumia. Gharama ya kununua nyingine ilimwangukia mwenye simu, na gharama ya taka ikaliangukia jiji lake.

Je, daftari linaweza kulazimishwa kuandika lisichotaka? Nokia inatoa jibu. Januari 2008 ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Bochum, Ujerumani, chenye wafanyakazi wapatao 2,300, na kuhamishia kazi karibu na Cluj, Romania. Maelfu waliandamana, serikali ya jimbo ikadai irudishiwe ruzuku, na chama cha wafanyakazi kikaibana kampuni hadi ikatenga euro milioni 200 kwa ajili ya walioachishwa. Kiwanda kilifungwa hata hivyo, lakini kilifungwa kwa gharama iliyoandikwa. Miaka mitatu tu baadaye, Septemba 2011, Nokia ilitangaza kufunga na kile cha Romania. Jamii mbili zilitendewa jambo lile lile, na tofauti kati yao ilitokana na nguvu za waliokuwa mezani.

Ulaya imelielewa somo hili. Tangu Juni 2025 simu mpya zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima zipate masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano tangu modeli yake iache kuuzwa, na vipuri kwa saba. Microsoft nayo, ilipofikisha ukomo wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ilimtaka mtumiaji wa nyumbani anayehitaji mwaka mmoja zaidi wa viraka alipe dola 30, au ahifadhi mipangilio yake katika hifadhi ya mtandaoni ya kampuni hiyo, au atumie pointi za zawadi zake. Baada ya shirika la watumiaji kulalamika, watu wa eneo la kiuchumi la Ulaya waliondolewa masharti hayo. Mwenye kompyuta kama hiyo Mombasa hakuondolewa.

Kuna watakaosema soko letu ni dogo mno kuamuru chochote. Sikubaliani nao. Transsion, yenye chapa za Tecno, Itel na Infinix, imejengwa juu ya wanunuzi wa Afrika, na kuwaacha kungeigharimu sana. Na mamlaka za mawasiliano zimekwisha kuonyesha meno yake: Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012, Tanzania Juni 2016, kwa kutumia namba za utambulisho zilizomo ndani ya kila kifaa. Kila modeli ya simu inayoingizwa kihalali hupitia idhini ya mamlaka hizo kabla ya kuuzwa. Fomu ya idhini huuliza masafa, nguvu ya mawimbi na usalama wa umeme. Inaweza kuongezewa mstari mmoja unaomtaka mtengenezaji ataje tarehe ya mwisho ya masasisho, na tarehe hiyo ichapwe juu ya boksi kama inavyochapwa kwenye pakiti ya maziwa.