Mlango wa mto

Msomaji wa Runzewe, huko bara, akisikia "mlango wa mto", huenda akaukumbuka Malagarasi unavyoingia Ziwa Tanganyika. Ziwani hakuna kujaa na kupwa kwa maji kama pwani, hivyo mlango ule ni wa kutokea tu.

Pwani neno hili linabeba mengi zaidi. Mto Wami huingia Bahari ya Hindi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Maji yakijaa, bahari nayo hupanda mtoni; yakipwa, mto hushuka na tope lake. Chumvi na maji baridi huchanganyika hapo, na kila mti una mahali pake: mlilana hutangulia upande wa bahari, mkoko hushika tope la kingo kwa mizizi ya matao, mchu huvumilia chumvi kali huku nyuma. Kamba wachanga hukulia kwenye mizizi hiyo. Viboko na mamba wako mtoni.

Wapo waandishi wanaosema "mdomo wa mto". Tuseme mlango: ndilo neno linaloonyesha kuingia na kutoka. Na tusiufunge kwa kukata mikoko inayoshika tope lake.