Siri mikononi mwa mgonjwa: jinsi mazingaombwe yalivyoingia wodini

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria mtu ambaye hakuwa mwanajeshi wala balozi. Jean-Eugène Robert-Houdin alikuwa fundi saa aliyejipatia jina kubwa kwa mazingaombwe, na kazi aliyopewa ilikuwa kuwashinda kwa maajabu mawalii wa Kiislamu ambao Waalgeria waliwasikiliza kuliko watawala wao wapya. Akiwa jukwaani mjini Algiers aliweka kijisanduku sakafuni, akaita mwanamume mwenye misuli, akamwambia akinyanyue. Akakinyanyua bila taabu. Robert-Houdin akamtangazia kwamba sasa amemwondolea nguvu zake zote, akamtaka ajaribu tena. Mtu yule alivuta, akakaza meno, akatokwa jasho, na kijisanduku hakikusogea. Kitako chake kilikuwa cha chuma, na chini ya jukwaa ilifichwa sumaku ya umeme.

Mtu mzima mwenye afya tele alijiona dhaifu mbele ya kadamnasi kwa sababu tu kulikuwa na jambo moja asilolijua. Kwa muda mrefu mazingaombwe yalitumika hivyo. Anayeijua siri yuko juu, asiyeijua yuko chini, na mara nyingi aliye juu alikuwa tayari ana nguvu nyingine za kutosha. Ndiyo maana naona kilichotokea hospitalini katika karne ya 20 kinastahili kuandikwa. Siri ilichukuliwa kutoka kwa mwenye nguvu, ikakabidhiwa mtu ambaye hata kufunga kifungo cha shati ni vita kwake.

Kuna mtu aliyewahi kuiona hatari ya siri hizi mapema zaidi. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu kiitwacho The Discoverie of Witchcraft, akiwatetea watu, wengi wao wanawake maskini na wazee, waliokuwa wakishtakiwa kwa uchawi. Ili wasomaji waamini kwamba si kila cha ajabu ni kazi ya shetani, alieleza waziwazi jinsi sarafu inavyofichwa kiganjani, jinsi uzi uliokatwa unavyoonekana kuunganika upya, na jinsi mtu anavyojichoma kisu bila kuumia. Wanamazingaombwe wenyewe hawakuifuata njia hiyo. Chama cha Magic Circle, kilichoanzishwa London mwaka 1905, kinawafunga wanachama wake wasimpe siri mtu wa nje. Tutakirudia chama hiki, maana wanachama wake ndio waliokuja kuzipeleka siri hizo kwa watoto wenye ulemavu.

Wakati huo huo, upande wa pili wa bahari, fani nyingine ilikuwa inazaliwa. Machi 1917 watu wachache walikutana Clifton Springs, jimbo la New York, wakaunda chama cha kile tunachokiita leo tiba kwa vitendo. Mwenyeji wao, George Barton, alikuwa msanifu majengo. Aliwahi kuugua kifua kikuu, akafanyiwa upasuaji wa mguu, na baadaye upande wake wa kushoto ukapooza. Alijitibu kwa kufanya kazi za mikono, useremala na bustani, na akashawishika kwamba mgonjwa hapaswi kulala tu akisubiri kupona. Pamoja naye alikuwepo daktari William Rush Dunton na Eleanor Clarke Slagle, mwanamke aliyekuja kuijenga fani hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Mwezi uliofuata Marekani iliingia vitani, na wanawake waliofunzwa kazi hii wakapelekwa kwenye hospitali za majeruhi kuwafundisha askari kusuka vikapu, kufuma na kuchonga.

Vikapu vilisaidia sana. Lakini kila aliyemhudumia mgonjwa wa kiharusi anaujua ugumu uliobaki. Mkono uliopooza haurudi kwa kuambiwa, unarudi kwa kurudia tendo lile lile mara mamia. Shika kigingi, kitie tunduni, kichomoe, kirudishe. Mgonjwa ambaye mwezi jana alikuwa fundi, mwalimu au dereva anajikuta akichezea vigingi kama mtoto wa chekechea, na akilini mwake anachoka kabla mkono haujachoka. Akifika nyumbani anaacha. Si uvivu. Ni mtu anayeona zoezi lenyewe linamkumbusha kila dakika alichopoteza.

Hapo ndipo anapoingia David Copperfield. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa kijana wa miaka 20 na ushei, tayari maarufu kwenye televisheni ya Marekani, na alikuwa akiandikiana barua na kijana mwingine aliyekuwa akijifunza mazingaombwe. Barua zao zilihusu fani na si kingine. Siku moja kijana yule alimtumia kipande cha gazeti chenye picha yake, na Copperfield akaona kwamba mwenzake anatumia kiti cha magurudumu. Katika barua zote hakuwahi kulitaja jambo hilo. Alijitambulisha kwa kile alichokuwa anakiweza, na kwenye fani hiyo hakuna aliyemwona pungufu.

Copperfield alilipeleka wazo la kuyafanya mazingaombwe kuwa zoezi la wagonjwa kwenye hospitali ya Daniel Freeman, Inglewood, pembeni mwa Los Angeles. Huko alifanya kazi na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, Julie DeJean, na mwaka 1982 wakaanzisha Project Magic. Mwaka mmoja baadaye Copperfield aliwafanya watazamaji wa televisheni waamini kwamba Sanamu ya Uhuru ya New York imetoweka, na jambo hilo ndilo dunia inalolikumbuka. Kwangu mimi Project Magic ni kubwa zaidi. Chama cha wataalamu wa tiba kwa vitendo cha Marekani kiliiunga mkono, na mradi wenyewe umetaja hospitali zaidi ya 1,000 katika nchi 30 zilizoutumia.

Ubunifu wao haukuwa kuwaburudisha wagonjwa. Wachekeshaji na wanamuziki walikuwa wakitembelea wodi tangu zamani, na mgonjwa alibaki kitandani akitazama. Project Magic ilichukua kila mchezo, ikaupasua vipande vipande, na kuuliza swali la kitabibu: hapa unakunjwa mkono gani, kinabanwa kidole kipi, macho yanafuata nini, akili inakumbuka hatua ngapi? Kisha mchezo ukachaguliwa kulingana na udhaifu wa mgonjwa husika, kama dawa inavyochaguliwa.

Chukua mchezo wa rababendi, ile mipira ya kufungia noti. Mgonjwa anavisha rababendi kwenye kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kushoto, mpaka chini kabisa kwenye shina la vidole. Kiganja kikiwa kinamtazama yeye, anaivuta kwa mkono wa kulia, anakunja vidole vyote vinne na kuingiza ncha zake ndani ya uwazi aliouvuta, kisha anaachia. Mtazamaji aliye mbele anaona ngumi, na rababendi imekaa kwenye vidole viwili vile vile. Mgonjwa anafungua ngumi kwa mkupuo, na rababendi inaruka yenyewe hadi kwenye kidole cha pete na cha mwisho. Haionekani imepita wapi.

Sasa tazama kilichofanyika. Vidole vinne vimekunjwa kwenye vifundo vyote. Dole gumba na shahada vya mkono wa pili vimebana kitu chembamba na kukishikilia. Mikono miwili imefanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja. Mwisho vidole vimefunguka kwa nguvu dhidi ya mvuto wa mpira, na mtu aliyepata kiharusi anajua kwamba kufunga ngumi huja kabla, kufungua ndiko kunakokataa. Mtaalamu angeweza kuagiza matendo hayo manne moja moja bila rababendi. Mgonjwa angeyafanya mara kumi, akaangalia saa. Akipewa mchezo, anayarudia jioni nzima kwa sababu kesho mjukuu anakuja na ni lazima ashangae.

Michezo mingine inafanya kazi nyingine. Kamba inayokatwa na kuunganika inadai mpangilio wa hatua ambao hauruhusu kurukwa, na humfaa aliyeumia kichwa ambaye kumbukumbu yake inavuja. Maneno ya kumzubaisha mtazamaji ni zoezi la ulimi kwa aliyepotewa na usemi. Na juu ya yote kuna jambo ambalo mizani ya hospitali haipimi kwa urahisi. Muuguzi na daktari wote wawili wameangalia, wote wana mikono mizima, na hawajui rababendi imepitaje. Anayejua ni mgonjwa. Ni kijisanduku cha Algiers kimegeuzwa juu chini.

Mmarekani mwingine aliifikia njia hii kwa mwili wake mwenyewe. Kevin Spencer alikuwa mwanamazingaombwe wa jukwaani pamoja na mkewe Cindy, kisha ajali ya gari ikamjeruhi kichwa na uti wa mgongo. Alipita kwenye miezi mirefu ya mazoezi yale yale ya kuchosha, na alipopona alianzisha mpango wa Healing of Magic kwa ajili ya kuwafundisha wataalamu wa utengamao michezo wanayoweza kuwapa wagonjwa wao. Baadaye alishirikiana na Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham. Huko huko Edward Taub alikuwa ameendeleza tiba ya kuufunga mkono mzima ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Taub alionyesha kwamba sehemu ya ulemavu hutokana na ubongo kujizoesha kutoutumia mkono, na kwamba mazoea hayo yanaweza kuvunjwa kwa mazoezi mazito yanayorudiwa. Ugunduzi huo uliwapa watu wa mazingaombwe msingi wa kisayansi waliokuwa wakiuhitaji.

London ndiko mambo yalikopimwa kwa karibu zaidi. Wanachama wa Magic Circle, akiwemo wakili David Owen na mwanamazingaombwe Richard McDougall, walikutana na Dido Green, mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa watoto katika hospitali za Guy's na St Thomas'. Walitaka kuwasaidia watoto waliopooza upande mmoja wa mwili, wengi wao kutokana na mtindio wa ubongo. Mtoto wa namna hii hujifunza mapema kufanya kila kitu kwa mkono mmoja, na kumfunga mkono mzima kunamkasirisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikuwa wameshabuni njia nyingine ya kufundisha mikono miwili pamoja kwa saa nyingi mfululizo. Mradi wa Breathe Magic uliivika njia hiyo joho la mazingaombwe: kambi ya siku 10 wakati wa likizo, jumla ya saa 60, na mwishoni onyesho mbele ya wazazi.

Saa 60 za mazoezi ndani ya wiki mbili ni nyingi mno kwa mtoto, na hakuna mzazi ambaye angeweza kuzisimamia nyumbani. Kambini watoto waliziomba. Walipokuwa wakikata nyama kwa kisu na uma, wakifunga zipu, wakifungua pakiti ya chakula, yote yalikuwa sehemu ya kujiandaa na onyesho. Matokeo ya Green na wenzake yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la Developmental Medicine & Child Neurology, yakionyesha kwamba watoto waliongeza matumizi ya mikono yote miwili katika kazi za kila siku. Waliozoea kuulizwa mkono wako una nini, sasa waliulizwa umefanyaje.

Mwaka 2018 Richard Wiseman na Caroline Watt walizikusanya tafiti za aina hii na kuzichambua. Wiseman mwenyewe ni mwanasaikolojia aliyewahi kuwa mwanamazingaombwe, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuidharau fani. Walikuta dalili njema, na wakakuta pia kwamba tafiti nyingi ni ndogo na hazina kundi la kulinganisha. Nakubaliana nao. Haijathibitika kwamba rababendi inaponya kuliko kigingi kikirudiwa mara zile zile. Lakini kigingi hakirudiwi mara zile zile, na katika utengamao hilo ndilo linalovunja matumaini ya familia nyingi.

Kwetu Afrika Mashariki tiba kwa vitendo inafundishwa katika vyuo vya KCMC, Moshi, na KMTC, Nairobi, na wahitimu wake ni wachache mno wakilinganishwa na wagonjwa wa kiharusi na watoto wenye mtindio wa ubongo. Mgonjwa wa kijijini anamwona mtaalamu mara moja, kisha anarudi nyumbani kwa miezi. Zoezi linalohitaji rababendi moja au kipande cha kamba, na ambalo mtu analirudia kwa hiari yake, lingefaa hapa kuliko London. Kikwazo chetu ni kile cha Scot. Katika nchi kama Tanzania, ambamo bibi vizee wamewahi kuuawa Kanda ya Ziwa kwa kutuhumiwa uchawi, mtaalamu hawezi kumfundisha mgonjwa mzee mchezo wa kamba akamwacha autembeze mtaani bila maelezo. Ndugu wa nyumbani waambiwe tangu siku ya kwanza kwamba ni zoezi la mkono, na mmoja wao afundishwe hatua zake zote.

Michezo yenyewe ichaguliwe na mtaalamu baada ya kuupima mkono, isichaguliwe kwa kutazama video. Rababendi ngumu humuumiza mwenye ganzi kidoleni bila yeye kuhisi, kwa hiyo ngozi ikaguliwe kila baada ya zoezi. Watoto wadogo wasipewe mipira ya sponji wala klipu bila mtu mzima kando yao, kwa kuwa huvitia mdomoni. Kwa mkono ambao bado hauna nguvu ya kubana, mgonjwa aanzie na kamba nene ya pamba yenye urefu wa mita moja, kisha rababendi iliyolegea, na sarafu iwe ya mwisho.