Mafunzo ya Lafudhi: Kipato cha Ziada kwa Wataalamu wa Lugha Arusha na Taratibu za Kufuata

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Jiji la Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru ni makao ya taasisi na shughuli nyingi zinazotegemea lugha. Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Mkataba wake ulitiwa saini jijini humo tarehe 30 Novemba, 1999, pamoja na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na Kituo cha Kimataifa cha Mikutano (AICC). Aidha, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliendesha mashauri yake jijini humo kwa ukalimani wa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Kwa upande wa utalii, Arusha ni lango la kuingilia hifadhi za kaskazini.

Mazingira hayo yanawapa walimu wa lugha, wakalimani, watangazaji na wataalamu wengine wa usemi nafasi ya kujipatia kipato cha ziada kwa kufundisha lafudhi na matamshi. Makala haya yanaeleza huduma hiyo ni ipi, mipaka yake, na taratibu ambazo mwananchi anapaswa kuzifuata ili aifanye kwa halali.

Lafudhi ni nini

Lafudhi ni namna ya kutamka maneno inayoonesha mahali alipokulia msemaji au lugha aliyoanza kuisema. Kila msemaji anayo. Mzungumzaji wa Kimeru, Kichaga, Kimaasai au Kiiraqw hukizungumza Kiswahili kwa mlio unaotokana na lugha yake ya kwanza, na hilo si kosa. Kosa hutokea pale matamshi yanapobadili maana au kumfanya msikilizaji asielewe.

Mifano ni mingi. Msemaji asiyetofautisha /l/ na /r/ huweza kusema "kula" akikusudia "kura". Mgeni asiyerefusha irabu atasema "amekata" badala ya "amekataa", na makubaliano yakaeleweka kinyume. Neno "barabara" lenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari. Mkazo ukisogezwa nyuma silabi moja, maana yake huwa ni sawasawa au kwa usahihi.

Kwa sababu hiyo, lengo la mafunzo ya lafudhi ni kumsaidia mtu aeleweke kwa urahisi, wala si kumfutia asili yake. Mkufunzi anayemwahidi mteja kwamba atazungumza "kama mzawa" katika wiki chache anauza asichoweza kukitoa. Vilevile, anayemfanya mteja aionee aibu lugha ya nyumbani kwake anamjengea woga, na woga huzidi kufunga ulimi.

Wanaohitaji huduma hii

Kundi la kwanza ni wageni wanaojifunza Kiswahili: watumishi wa taasisi za kimataifa, watafiti, wanaojitolea na familia zao. Mahitaji haya si mapya. Kituo cha mafunzo cha MS TCDC kilichopo Usa River, kwa mfano, kimefundisha wageni Kiswahili kwa miongo mingi. Hadhi ya lugha nayo imezidi kupanda. Mwezi Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) iliridhia Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwezi Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Na mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliridhia kitumike kuwa lugha ya kazi.

Kila kundi la wageni lina matatizo yake. Msemaji wa Kifaransa huelekea kuweka mkazo mwishoni mwa neno na kuidondosha /h/, hivyo "habari" ikasikika "abari". Msemaji wa Kiingereza huvuta /e/ na /o/ hadi zikawa irabu mbili. Wengi hulitamka "ng'ombe" kwa sauti ya mwanzo ya "ngoma". Mkufunzi hodari huyajua matatizo hayo mapema na kuandaa mazoezi ya kila moja. Huwaonesha pia wanafunzi kwamba mkazo wa Kiswahili huhama neno linaporefuka: katika "nyumba" uko kwenye "nyu", na katika "nyumbani" unahamia kwenye "mba".

Kundi la pili ni Watanzania wanaotumia lugha za kigeni kazini, hususan waongoza watalii. Mwongozaji anayempandisha mgeni Mlima Meru kutokea lango la Momella hulazimika kumweleza dalili za maradhi ya mwinuko na kumtaka ateremke inapobidi. Maelezo hayo yasipoeleweka mara moja, usalama wa mgeni huwa hatarini. Kundi la tatu ni watangazaji, washereheshaji, mawakili na viongozi wanaozungumza mbele ya hadhira kwa Kiswahili, ambao huhitaji kuzimudu sauti kama /dh/, /th/ na /gh/ ili "dhahabu" isisikike "zahabu" wala "thelathini" isiwe "selasini".

Anayefaa kutoa mafunzo

Kuizungumza lugha vizuri hakutoshi. Mkufunzi anapaswa kujua fonetiki, yaani namna sauti zinavyotolewa kinywani na kooni, na aweze kumweleza mwanafunzi mahali ulimi unapogusa. Wahitimu wa Kiswahili na isimu wana msingi huo. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1967, hutoa mafunzo kwa wanaotaka kufundisha Kiswahili kwa wageni na lina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili. Wahitimu wanashauriwa kujisajili humo, kwani taasisi zinazotafuta walimu huweza kuwapata kwa urahisi.

Mpaka ulio muhimu kuliko yote ni ule uliopo kati ya mafunzo ya lafudhi na tiba ya usemi. Mtu mwenye kigugumizi, aliyepata kiharusi, aliyepoteza sauti kwa muda mrefu, au mtoto aliyechelewa kuzungumza hahitaji mkufunzi wa lafudhi; anahitaji kuonwa na wataalamu wa afya. Mkufunzi anayekutana na mteja wa aina hiyo anawajibika kumshauri aende hospitali, hata kama kwa kufanya hivyo atapoteza ada.

Taratibu za kisheria

Anayetaka kutoa huduma hii kwa malipo anapaswa kuzingatia yafuatayo:

1. Kupata Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Namba hiyo hutolewa bila malipo. Kwa kuwa huduma za kitaalamu na mafunzo hazitozwi kodi kwa utaratibu uleule wa biashara ndogo za bidhaa, ni vyema kupata ufafanuzi katika ofisi ya TRA kabla ya kuanza.

2. Kusajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), endapo mkufunzi atatumia jina tofauti na lake.

3. Kuomba leseni ya biashara katika halmashauri husika kwa mujibu wa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Anayefanyia kazi mjini ataomba Jiji la Arusha. Wa Usa River au Tengeru ataomba Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Na wa Ngaramtoni ataomba Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Maombi hufanyika kupitia mfumo wa TAUSI.

4. Kulinda taarifa za wateja. Mafunzo haya hutegemea kurekodi sauti, na sauti inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa hizo azitumie kwa lengo lililoelezwa tu. Rekodi ya mwanafunzi isitumike kutangaza biashara bila ridhaa yake.

Anayekusudia kufungua chuo na kutoa vyeti anahitaji kibali cha mamlaka zinazosimamia mafunzo, likiwemo Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Mtumishi wa umma naye hapaswi kutumia saa za kazi, ofisi wala vifaa vya mwajiri kwa shughuli hii, na mwalimu asiwageuze wanafunzi wake wa darasani kuwa wateja.

Kupanga ada

Wakufunzi wengi hupata hasara kwa kuhesabu saa ya darasa peke yake. Kwa mfano wa hesabu tu, somo la saa moja linaloandaliwa kwa dakika 40, pamoja na dakika 20 za kusikiliza rekodi za mwanafunzi na saa moja ya safari, ni kazi ya saa tatu. Ada ilingane na saa hizo na gharama za nauli na intaneti. Makubaliano yaandikwe, yakionesha idadi ya vipindi, malipo na utaratibu wa kuahirisha somo.

Kwa anayetafuta mkufunzi

Mwananchi au mgeni anayehitaji huduma hii anashauriwa kuomba kuona sifa za kitaaluma na leseni, kufanya somo moja la majaribio, na kudai risiti. Mkufunzi makini hurekodi usomaji wa mteja siku ya kwanza, humwonesha sauti mbili au tatu zinazozuia kueleweka, na baada ya vipindi walivyokubaliana hurekodi tena usomaji uleule ili wote wawili wasikie kilichobadilika. Mkufunzi asiyetaka maendeleo yapimwe hivyo asilipwe ada ya kozi nzima mapema.