Fahamu Kipimo cha Mate Kinavyotambua Kizingiti cha Nguvu ya Mazoezi

Barabara inayotoka Mombo kupitia Soni hadi mjini Lushoto, mkoani Tanga, ina urefu wa takribani kilomita 33 na hupanda hadi mwinuko wa takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwanariadha anayefanya mazoezi katika Milima ya Usambara, kasi pekee haioneshi mwili unatumia nguvu kiasi gani, kwani mwendo ulio mwepesi kwenye tambarare huwa mzito mlimani.

Kizingiti cha nguvu ya mazoezi ni kiwango ambacho kikivukwa, misuli huzalisha laktati kwa kasi inayozidi uwezo wa mwili wa kuiondoa, nayo hujikusanya katika damu. Chini ya kiwango hicho mtu huweza kuendelea kwa muda mrefu. Juu yake uchovu huja haraka. Kijana anayekimbizwa juu ya kizingiti kila siku bila mapumziko yumo katika hatari ya kuchoka kupita kiasi na kuumia.

Kwa kawaida, kizingiti hupimwa kwa tone la damu kutoka kidoleni au sikioni, kila nguvu ya mazoezi inapoongezwa. Watafiti wamebaini kuwa mate nayo hubadilika: laktati, sodiamu na kimeng'enya cha amilesi huongezeka mazoezi yanapokuwa makali. Mtaalamu hukusanya mate katika kila hatua, kisha hutafuta mahali ambapo kiwango kimepanda ghafla.

Faida ya njia hii ni kutotumia sindano. Hata hivyo, chakula, upungufu wa maji mwilini na damu ya fizi huweza kupotosha matokeo, na kwa baadhi ya watu badiliko halionekani waziwazi. Hivyo, kipimo cha mate hakijachukua nafasi ya kile cha damu. Mpimwaji hutakiwa kutokula kabla ya kipimo, na kusukutua kinywa kwa maji safi mapema.

Mwananchi asiye na vifaa anaweza kutumia mazungumzo: akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, mazoezi ni ya wastani, akishindwa kusema zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, ni makali. Shirika la Afya Duniani hupendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Wenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu wanashauriwa kumwona daktari kabla ya kuanza mazoezi makali.