Bibi Kathleen Lonsdale na Siri ya Fuwele

Ukiitazama punje ya chumvi kwa kioo cha kukuzia, utaona pande zake zimenyooka kama kuta za nyumba iliyojengwa na fundi hodari. Kitu chenye umbo la namna hiyo huitwa fuwele. Ndani yake atomu zimepangwa safu kwa safu, wala jicho haliwezi kuziona. Miongoni mwa wataalamu waliotufumbulia mpango huo ni Bibi Kathleen Lonsdale.

Alizaliwa mwaka wa 1903 huko Newbridge, Ireland, akiwa kitindamimba katika watoto kumi. Familia yake ilipohamia Uingereza, aliingia shule ya wasichana, lakini shule hiyo haikufundisha fizikia wala kemia. Ikambidi ayafuate masomo hayo katika shule ya wavulana. Mwaka wa 1922 alifaulu vizuri mno katika Chuo Kikuu cha London, hata Sir William Bragg, mtaalamu mkuu wa fuwele, akamwita afanye kazi pamoja naye.

Kwa muda mrefu wanakemia walikuwa wakibishana juu ya umbo la benzeni, ambayo ni asili ya dawa na rangi nyingi. Mwaka wa 1929, kwa kutumia miali ya eksirei, Bibi Lonsdale alithibitisha kwamba atomu zake sita za kaboni hufanya pete iliyo bapa. Alipokuwa na watoto wachanga, hesabu zake ndefu alizifanyia nyumbani.

Mwaka wa 1943 alikataa kujiandikisha kwa kazi za vita, kwa kuwa dhamiri yake ilipinga vita. Akakataa pia kulipa faini, akafungwa mwezi mmojà katika gereza la Holloway. Tangu hapo hakuwasahau wafungwa, akatetea hali yao.

Mwaka wa 1945 yeye na Marjory Stephenson walikuwa wanawake wa kwanza kuchaguliwa kuingia Royal Society, chama kilichoanzishwa mwaka wa 1660. Mwaka wa 1949 akawa profesa wa kemia. Hata hivyo hakuridhika kuingia peke yake. Hadi alipofariki mwaka wa 1971, alishikilia kwamba nchi itakayo wanasayansi wanawake haina budi kuwarahisishia njia walio na watoto.

Wahenga walisema akili ni mali. Mali iliyofungiwa nje ya mlango humfaa nani?