Mpasuaji wa Kilimanjaro na kifua cha binti wa Cheyo

Mwaka 1976 madaktari wawili wa New York, Thomas Rees na Sherrell Aston, walichapisha makala katika jarida la upasuaji kuhusu matiti yenye umbo ambalo vitabu vya tiba vilikuwa havijalipa nafasi yake. Waliliita titi la kiazi. Wapasuaji wa leo, wawe Toulouse au Dar es Salaam, wakiandika juu ya jambo hili huanzia kwenye makala hiyo. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba huyo Rees, miaka kumi na tisa kabla yake, alikuwa mmoja wa watu watatu walioanzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki, shirika tunalolijua sasa kwa jina la Amref.

Naiandika historia hii kwa ajili ya mabinti wa Cheyo na mitaa mingine ya Tabora, na kwa mama zao, shangazi zao na wakunga wanaowahudumia. Wapo miongoni mwao wanaoishi na umbo hilo wakidhani ni wao peke yao duniani. Binti huacha kuoga na wenzake bwenini, huvaa nguo mbili kifuani wakati wa joto la Oktoba, na akiolewa huzima taa. Huambiwa amerogwa, au alikandwa vibaya utotoni, au ameanza mambo ya watu wazima mapema. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli.

Binti anapovunja ungo, titi huanza kukua nyuma ya chuchu na kutanuka pande zote juu ya kifua. Kwa baadhi ya mabinti kuna utando mgumu unaolizunguka shina la titi, nao haulegei. Titi linakuwa kama mfuko uliokazwa kamba mdomoni: haliwezi kutanuka upande wa chini, basi linasukuma mbele na kutokea kwenye duara jeusi la chuchu. Duara hilo linavimba na kupanuka kupita kiasi, shina linabaki jembamba, na mkunjo wa chini ya titi unakaa juu kuliko kawaida. Mara nyingi titi moja huwa tofauti sana na la pili. Ni hali ya kuzaliwa nayo, ingawa hujificha mpaka umri wa kubalehe. Si saratani, na yenyewe haina maumivu.

Ina jambo moja ambalo wakunga wanapaswa kulijua kuliko mtu mwingine yeyote. Katika matiti ya namna hii tezi za maziwa zinaweza kuwa chache, hivyo baadhi ya akina mama hawapati maziwa ya kutosha hata mtoto akiwekwa titini usiku na mchana. Wengine hunyonyesha vizuri. Mama ambaye mtoto wake haongezeki uzito anahitaji mtu wa kumtazama kifua na kumwelewa, si wa kumshutumu kwamba ni mvivu.

Turudi kwa Rees. Alizaliwa Utah, Marekani, mwaka 1927, na katika miaka ya 1950 akavuka bahari kwenda East Grinstead, mji mdogo wa kusini mwa Uingereza, kujifunza kwa Archibald McIndoe. McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, ndiye aliyewatibu marubani waliounguzwa na moto wa ndege katika Vita Kuu ya Pili. Aliwajengea upya kope, pua, midomo na vidole. Wagonjwa wake waliunda chama chao mwaka 1941, na vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649. Lakini alilolifanya nje ya chumba cha upasuaji linanigusa zaidi. Aliwatoa vijana hao wodini wakiwa bado na nyuso zilizoharibika, akawapeleka kwenye baa na majumba ya sinema, na akawaomba wakazi wa mji wawapokee bila kuwakodolea macho. Mji ukakubali. McIndoe alijua kwamba umbo la mwili huumiza pia kwa jinsi watu wengine wanavyolitazama, na kwamba mganga anayeshona ngozi peke yake ameacha nusu ya kazi.

Mwanafunzi mwingine wa McIndoe alikuwa Michael Wood, mpasuaji Mwingereza aliyehamia Kenya na baadaye kulima Ol Molog, kwenye miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro, Tanganyika ya wakati huo. McIndoe naye alikuwa na shamba pande hizo. Hapo chini ya mlima watatu hao walizungumzia jambo ambalo mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa: mgonjwa yuko huku, daktari yuko kule, na kati yao ni pori. Mwaka 1957 wakaanzisha shirika lao. Wood mwenyewe alikuwa rubani. Aliruka kwenda kwenye hospitali za misheni, akishuka kwenye viwanja vya nyasi, kupasua watu walioungua, walioliwa uso na fisi, na watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka.

Katika kipindi hichohicho, mwaka 1958, McIndoe na Rees walichapisha kwa pamoja makala katika jarida la Uingereza la upasuaji rekebishi. Ilihusu upasuaji wa matiti: nani anaufaa, unafanywaje, na madhara yake ni yapi. Tarehe hizo mbili, 1957 na 1958, zinafuta ule mpaka tunaouchora sisi. Tunasema kurekebisha uso wa aliyeungua ni tiba, na kurekebisha titi la binti ni anasa ya matajiri. Watu walioileta fani hii katika ardhi yetu hawakuigawa hivyo.

Umbali waliotaka kuushinda una historia ndefu Unyanyembe, yaani Tabora na viunga vyake. Misafara kutoka Bagamoyo ilitembea miezi miwili, mitatu au zaidi kabla ya kuiona miembe ya Tabora. Mpelelezi David Livingstone, ambaye alikuwa daktari, aliibiwa sanduku lake la dawa na wapagazi waliotoroka mwaka 1867, akasafiri miaka bila kwinini mpaka Stanley, aliyetumwa kumtafuta, alipomfikia Ujiji mwaka 1871. Mwaka uliofuata alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, hadi Agosti, akingoja watu na mizigo kutoka pwani. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na kuigeuza miezi kuwa siku. Ndege ikazigeuza siku kuwa saa. Hata hivyo elimu inaweza kuchelewa kuliko dawa. Kati ya mwaka 1976 na leo ni karibu miaka hamsini, na bado ni rahisi kwa binti wa Cheyo kupita kwa bibi, somo, mganga na zahanati bila kukutana na mtu anayejua hali yake ina jina.

Upasuaji wenyewe umebadilika kwa hatua. Rees na Aston walipitia ukingo wa duara jeusi, wakalipunguza, kisha wakachana tezi kwa nyuma, mikato ikitoka katikati kwenda pembeni, ili titi lililobanwa lipate kufunguka. Vipandikizi vya silikoni, ambavyo viliwekwa mwilini kwa mara ya kwanza Houston mwaka 1962, vilikuwa tayari vinatumika kujaza palipopungua. Mwaka 1990 Wamarekani Puckett na Concannon walieleza namna ya kuikunjua tezi yenyewe na kuilaza sehemu ya chini iliyo tupu. Mwaka 1999 Wafaransa wakiongozwa na Grolleau waliigawa hali hii katika daraja tatu. Katika ya kwanza kinachokosekana ni robo ya chini ya ndani tu; katika ya pili nusu yote ya chini; katika ya tatu titi zima limebanwa. Mgawanyo huo una faida kwa mgonjwa, kwa sababu unaonyesha kwamba hakuna upasuaji mmoja wa kila mtu. Mwaka 2003 Mandrekas na wenzake wa Athens walionyesha jinsi ya kuukata ule utando unaobana na kuipanga upya nyama ya mgonjwa mwenyewe, na kipandikizi kuwekwa tu pale nyama isipotosha.

Njia nyingine ni mafuta. Daktari huyafyonza tumboni au mapajani na kuyachoma kifuani. Chama cha wapasuaji rekebishi cha Marekani kiliikataza kwa matiti mwaka 1987, kikihofia ingevuruga uchunguzi wa saratani, kisha mwaka 2009 kikalegeza msimamo. Sehemu ya mafuta hayo hunyonywa na mwili, hivyo mgonjwa huenda akarudi mezani mara mbili au tatu. Nayo silikoni ina historia ya kutia hofu. Mwaka 2010 iligundulika kwamba kampuni ya Ufaransa, PIP, ilijaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani. Mwaka 2019 vipandikizi vya Allergan vyenye uso wa kukwaruza viliondolewa sokoni duniani kwa kuhusishwa na aina adimu ya saratani ya mfumo wa kinga. Na hata kilicho kizuri hakidumu maisha yote. Binti wa miaka 20 anayewekewa leo ajue kwamba huenda akapasuliwa tena kabla hajawa bibi.

McIndoe alifariki mwaka 1960, Wood mwaka 1987. Rees aliendelea kurudi Afrika Mashariki, akaandika kitabu kuhusu kazi yake ya huku, alichokiita Daktari, na akafariki mwaka 2013. Tanzania sasa ina wapasuaji wake. Mwaka 2023 hospitali ya Mloganzila, tawi la Muhimbili jijini Dar es Salaam, ilianza kutoa upasuaji rekebishi wa maumbile, ukiwemo wa matiti. Kutoka Tabora ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni karibu zaidi kwa ushauri na rufaa.

Kwa anayefikiria safari hiyo, haraka ya kwanza aiache. Wapasuaji wengi husubiri hadi titi limalize kukua, kwa kawaida karibu miaka 18, isipokuwa tofauti ya pande mbili iwe kubwa mno. Aulize kovu litakaa wapi, kama atafanyiwa kwa awamu moja au mbili, na ni tezi kiasi gani itakayokatwa. Kama anatarajia kuzaa, aseme mapema, kwa sababu mikato inayozunguka chuchu inaweza kupunguza hisia na kukata mirija ya maziwa. Na wapo wengi ambao, wakishajua hali yao ni nini, huamua kutopasuliwa kabisa, wakaolewa na kuzaa, na wakavaa kanga yao wapendavyo. Huo nao ni uamuzi kamili, na daktari mzuri atamwambia mgonjwa hivyo kabla ya kushika kisu.