Enzi za Kufutwa Kazi Redioni na Safari ya Haki ya Kusikilizwa

Katika miaka ya 1980, mkubwa wa serikali ya Kenya alikuwa na sababu ya kuacha chakula kipoe akasikiliza taarifa ya habari ya saa saba mchana. Redio ya taifa ndiyo iliyotangaza nani kateuliwa na nani kafutwa. Makatibu wa wizara na wasimamizi wa mashirika ya umma walijua kuwa hawana kazi tena saa ileile majirani zao walipojua. Hapakuwa na barua ya kuwaambia kosa lao, wala siku ya kujitetea.

Kinachouma ni kwamba sheria ya wakati ule ilimwachia nafasi mwenye kufuta. Kifungu cha 25 cha Katiba ya zamani kilisema mtumishi wa Jamhuri anashika kazi yake kwa ridhaa ya Rais. Kauli hiyo tuliirithi kwa Waingereza, ambao watumishi wao walishika kazi kwa ridhaa ya mfalme. Hapa Pwani, mudir, chifu na karani wa boma waliishi chini ya kivuli hicho. Uhuru ukaja, aliyekaa juu akabadilika, ridhaa ikabaki.

Si kwamba mahakama hazikujua lililo haki. Mwaka 1961, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya De Souza dhidi ya Halmashauri ya Mji wa Tanga, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Lungalunga. Mwajiriwa wa mji alikuwa amefutwa kazi. Kanuni inayonukuliwa hadi leo kutoka kesi ile ni kwamba haki ya kusikilizwa ikivunjwa, uamuzi si uamuzi, hata kama mtu huyo angepatikana na hatia vilevile. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru wetu, mabwana wa sheria kule London wakasema hivyohivyo kuhusu Charles Ridge, mkuu wa polisi wa mji wa Brighton, aliyefutwa mwaka 1958 bila kuitwa ajieleze. Na kabla ya hao wote, kila mtoto aliyesoma madrasa Waa au Tiwi amefundishwa jinsi Mtume alivyomuusia Sayyidna Ali, alipomtuma Yemen kuwa kadhi, asimhukumu wa kwanza kabla ya kumsikia wa pili.

Kenya yenyewe ilipiga hatua mwaka 1987. Katika kesi ya Onyango Oloo, mwanafunzi aliyekuwa amefungwa, Mahakama ya Rufani ilisema hata mfungwa asinyimwe punguzo la kifungo kabla ya kusikilizwa. Lakini mwaka 1992 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya kiwanda cha nguo cha Rivatex cha Eldoret, ikasema kanuni za haki ya asili, kama hiyo ya kusikilizwa, haziingii kwenye mkataba wa kawaida wa kazi ila wenyewe wawe wameziandika. Naiona hukumu hiyo kuwa moja ya zilizowaumiza zaidi wafanyakazi wa nchi hii. Mfungwa alikuwa na haki ya kuulizwa. Mfanyakazi aliyefutwa hakuwa nayo. Wala mtumishi wa serikali hakuwa na chama cha kumsemea, kwani chama chao kilipigwa marufuku mwaka 1980 na hakikurudi hadi 2001.

Serikali mpya ya 2003 iliahidi usafi, na ikaanza kwa kukosea palepale. Kamati ya Jaji Aaron Ringera iliwataja majaji 23 na mahakimu 82 kwa tuhuma za ufisadi na utovu wa maadili. Majina yakafika magazetini, na majaji wakapewa wiki mbili wajiuzulu au wakabili mahakama maalumu. Wengi waliondoka. Jaji Philip Waki alikataa, akakabili tuhuma, akaondolewa lawama na kurudi kazini. Tangu hapo kuna swali ambalo hakuna awezaye kulijibu: kati ya walioondoka kwa aibu, wangapi wangesafishwa kama yeye?

Mageuzi yalikuja na Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008. Sehemu ya 41 inafaa kusomwa polepole. Mwajiri anayetaka kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili lazima kwanza amweleze sababu, kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha awasikilize wote wawili. Hata anayefutwa papo hapo kwa kosa kubwa hupitia hapo. Yale maneno kuhusu lugha yana uzito wake huku kwetu. Mlinzi wa zahanati kule Mkongani, Mdigo aliyeishia darasa la nne, akipewa karatasi ya Kiingereza na kuonyeshwa pa kutia sahihi, hajaelezwa kitu. Sahihi yake pale chini haithibitishi kuwa alisikilizwa.

Miaka miwili baadaye Katiba ya 2010 ikazika ile ridhaa ya Rais. Kifungu cha 41 kinalinda haki kazini, cha 47 kinadai maamuzi ya serikali yawe ya haki na yatolewe sababu, na cha 236 kinasema wazi kuwa afisa wa umma hafutwi, hashushwi cheo wala haadhibiwi bila kufuata utaratibu wa sheria. Mwaka 2013, katika kesi ya mwalimu dhidi ya Tume ya Kuajiri Walimu, Jaji Linnet Ndolo aliweka kipimo kinachotajwa kila siku katika mahakama za ajira: sababu iwe ya kweli, na njia iwe ya haki. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Wapo wanaodai utaratibu huu unawakinga wezi. Kesi ya Gladys Shollei inawajibu. Aliyekuwa Msajili Mkuu wa Mahakama aliondolewa Oktoba 2013 baada ya kuandikiwa tuhuma 87 na kuzijibu. Mahakama ya Ajira ilimpa ushindi mwaka uliofuata, Mahakama ya Rufani ikaugeuza, na Februari 2022 Mahakama ya Juu ikakataa rufaa yake. Mwajiri aliyeuliza kabla ya kufuta alisimama hadi mwisho.

Kesi hiyohiyo inaonyesha donda lililobaki, yaani muda. Sheria huruhusu mtu arudishwe kazini ikiwa haijapita miaka 3 tangu afutwe, na fidia haizidi mshahara wa miezi 12. Kesi ikiburuta miaka, kazi imekwenda hata ukishinda, na fidia hiyo haifidii nusu ya uliyopoteza. Kwa hiyo haki ya kweli hutendeka mapema, mezani kwa afisa wa nidhamu, kabla mtu hajavuka Likoni kumtafuta wakili Mombasa.

Ndiyo maana naitazama Matuga kwa matumaini. Kampasi ya Chuo cha Serikali cha Kenya iko hapa, na maafisa kutoka kila pembe ya nchi huja kusomea uongozi. Makao ya Kaunti ya Kwale nayo yako ndani ya eneobunge hilihili. Anayesoma hapa leo ndiye atakayeandika barua ya kumtaka mwenzake ajieleze kesho. Naomba afundishwe kuiandika vizuri: kosa litajwe na tarehe yake, ushahidi uambatanishwe, siku za kujibu zitoshe, na aliyelalamika asikae kwenye jopo la kuamua.

Na wewe mtumishi wa kaunti, ukipata barua hiyo, usiipuuze wala usijibu kwa hasira. Jibu kwa maandishi, bakisha nakala, na ukiitwa kikaoni nenda na mwenzako. Ukifutwa, anza kwa rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa kuwa tangu 2017 Mahakama ya Rufani imesema anayeruka hatua hiyo ya Sheria ya Serikali za Kaunti amekwenda mahakamani kabla ya wakati.